Hasheem Thabeet: Urefu Peke Yake Hautoshi

Makongo ni eneo lililo katika Wilaya ya Kinondoni, Dar es Salaam. Liko mbali na katikati ya jiji, upande wa Lugalo. Hapo ipo Shule ya Sekondari ya Makongo. Shule hiyo ilijulikana sana kwa michezo.

Kijana mmoja aliyesoma katika shule hiyo anaitwa Hasheem Thabeet. Alizaliwa Dar es Salaam tarehe 16 Februari 1987. Alipoanza kucheza mpira wa kikapu alikuwa na umri wa miaka 15. Miaka saba baadaye, mwezi wa Juni 2009, jina lake lilisomwa mbele ya watu wengi katika mji wa New York, Marekani. Timu kubwa za Marekani zilikuwa zikichagua vijana 60 wa kuwachukua. Kijana huyu wa Dar es Salaam alichaguliwa wa pili.

Timu hizo hucheza katika ligi inayoitwa NBA. Hiyo ndiyo ligi kubwa kuliko zote duniani kwa mpira wa kikapu. Kabla ya Thabeet, hakuna Mtanzania aliyewahi kucheza katika ligi hiyo.

Ndugu msomaji, habari hizi haziishii kwenye sherehe. Thabeet alipanda haraka. Halafu alishuka haraka vilevile. Baada ya hapo hakuacha kazi yake. Tukifuata maisha yake ya mchezo tangu mwanzo, tutaona kipaji kinaweza kumfikisha mtu wapi. Tutaona pia kipaji peke yake kinaishia wapi.

MCHEZO HUU NI UPI?

Wasomaji wengi wanaujua mchezo wa netiboli. Wasichana huucheza katika shule zetu za msingi. Netiboli na mpira wa kikapu ni ndugu wa damu.

Mpira wa kikapu ulianzishwa mwezi wa Desemba 1891. Aliyeuanzisha ni mwalimu kutoka Kanada, jina lake James Naismith. Alikuwa akifundisha katika mji wa Springfield, Marekani. Wakati huo ulikuwa wa baridi kali, na wanafunzi hawakuweza kucheza nje. Mwalimu Naismith akatafuta mchezo wa kucheza ndani ya nyumba. Alichukua vikapu viwili vya kuwekea matunda. Akavipigilia juu, kimoja kila upande. Akawaambia wanafunzi wake 18 wajigawe makundi mawili, na kila kundi litupe mpira ndani ya kikapu cha wenzao. Mpira ukiingia, ilibidi mtu apande ngazi kuutoa.

Vikapu vile vya kwanza viliwekwa kwenye urefu wa mita 3 na sentimita 5. Mpaka leo urefu huo haujabadilika. Siku hizi, badala ya kikapu, kuna pete ya chuma yenye wavu usio na kitako.

Haukupita muda, wanawake nao wakaanza kuucheza. Mchezo ukavuka bahari mpaka Uingereza. Huko walimu wa wasichana walibadili baadhi ya sheria, na ndipo ikatokea netiboli. Kwa hiyo netiboli ni mtoto wa mpira wa kikapu. Pete yake nayo iko kwenye urefu ule ule wa mita 3 na sentimita 5.

Tofauti zake ni hizi. Katika netiboli kila upande una wachezaji 7. Katika kikapu kila upande una wachezaji 5. Katika netiboli ukidaka mpira huruhusiwi kukimbia nao. Katika kikapu unaruhusiwa kukimbia, lakini lazima uudundishe mpira chini kwa mkono mmoja. Katika netiboli wafungaji ni wawili tu kila upande. Katika kikapu kila mchezaji anaweza kufunga. Nguzo ya netiboli haina ubao. Pete ya kikapu imeshikizwa kwenye ubao, na mpira ukigonga ubao unaweza kurudi na kuingia.

Kufunga kwa kawaida ni pointi 2. Ukifunga kutoka mbali, nje ya mstari maalumu, unapata pointi 3. Ukitupa baada ya kufanyiwa kosa, kila mtupo unaoingia ni pointi 1.

Katika mchezo huu mtu mrefu ana faida kubwa. Yuko karibu na pete. Anaweza kuuzuia mpira wa mpinzani ukiwa hewani. Anaweza pia kuudaka mpira uliokosa kuingia kabla ya wengine kuufikia.

KIJANA WA MAKONGO

Hasheem Thabeet ana urefu wa mita 2 na sentimita 21. Milango mingi ya nyumba zetu haifiki urefu huo. Anapopita mlangoni lazima ainame. Akisimama chini ya pete na kunyoosha mkono juu, nafasi inayobaki kati ya vidole vyake na pete ni ndogo.

Baba yake alifariki Hasheem akiwa bado mtoto. Mama yake alibaki na kazi ya kulea.

Katika mitaa ya Kinondoni na Temeke, mtoto huanza kupiga mpira wa miguu mara tu anapojua kukimbia. Mpira huo hauhitaji mengi. Matambara na kamba hutosha kutengeneza mpira. Mawe mawili hutosha kuwa goli. Lakini mpira wa kikapu unahitaji pete, ubao, na uwanja mgumu ambao mpira unadunda vizuri. Viwanja vya namna hiyo ni vichache. Vingi viko katika shule, vyuo na kambi za jeshi. Kwa hiyo mtoto mwenye kipaji cha kikapu anaweza kukua bila kujua kwamba anacho.

Thabeet alianza akiwa na miaka 15. Kwa mchezo huu, umri huo ni mkubwa kwa kuanza. Lakini watu walipomwona, waliona urefu ambao haupatikani kila siku. Alipata nafasi ya kwenda kusoma Marekani. Alimaliza masomo ya sekondari katika shule ya Cypress Christian, mjini Houston, jimbo la Texas.

Tuelewe jambo moja. Thabeet hakwenda Marekani moja kwa moja kucheza kwa mshahara. Alikwenda shule. Katika nchi ile, njia ya kawaida ya kufika kwenye timu kubwa hupita darasani. Kijana hucheza katika timu ya sekondari. Akifanya vizuri, chuo kikuu humchukua na kumlipia masomo. Timu kubwa humwona akiwa chuoni. Asiyefaulu masomo huweza kuzuiwa kucheza. Kwa hiyo daftari na mpira hubebwa katika mfuko mmoja.

MIAKA MITATU CHUONI

Mwaka 2006 Thabeet aliingia Chuo Kikuu cha Connecticut. Kocha wa chuo hicho alikuwa Jim Calhoun. Yeye ni mmoja wa makocha waliojulikana sana Marekani.

Mwaka wa kwanza Thabeet alikuwa bado anajifunza. Kufunga kulikuwa kazi ngumu kwake. Lakini kuzuia alikuwa hodari tangu mwanzo. Mpinzani akikaribia pete na kutaka kutupa mpira, alikuta mkono mrefu uko mbele yake. Katika miaka yake mitatu chuoni, Thabeet alizuia mitupo zaidi ya 400.

Faida yake haikuwa katika mitupo aliyoizuia tu. Wapinzani walianza kuogopa kusogea. Walitupa wakiwa mbali, na mipira mingi ikakosa. Mchezaji wa namna hiyo ni kama mlinzi wa shamba. Huwezi kuhesabu ngedere ambao hawakuja kwa sababu walimwona amesimama. Lakini mavuno yanaonekana.

Mwaka 2008, na tena mwaka 2009, alichaguliwa kuwa mlinzi bora katika ligi ya vyuo ambayo Connecticut ilicheza. Mwaka 2009 alitajwa pia kuwa mchezaji bora wa ligi hiyo, pamoja na mchezaji mwingine mmoja. Mwaka huo chuo chake kilifika katika timu nne za mwisho za mashindano ya vyuo vya Marekani nzima. Kilishindwa na chuo cha Michigan State katika nusu fainali.

Kwa kawaida masomo ya chuo kikuu Marekani huchukua miaka minne. Thabeet aliondoka baada ya miaka mitatu. Timu kubwa zilikuwa zikimhitaji.

SIKU YA KUCHAGULIWA

Kila mwaka timu za NBA hukutana kuchagua vijana wapya. Timu zilizofanya vibaya msimu uliopita ndizo huchagua mwanzo. Sababu yake ni kuzisaidia zipate nguvu.

Mwaka 2009 wa kwanza kuchaguliwa alikuwa Blake Griffin. Wa pili alikuwa Hasheem Thabeet. Alichukuliwa na timu ya Memphis Grizzlies. Wa tatu alikuwa James Harden. Wa saba alikuwa Stephen Curry.

Tuyashike majina haya ya mwisho. Harden na Curry walikuja kuwa miongoni mwa wachezaji wakubwa kabisa duniani. Wote wawili walichaguliwa baada ya Mtanzania. Siku ile hakuna aliyejua. Memphis waliona mtu mwenye urefu wa mita 2 na sentimita 21 aliyejua kuzuia. Waliamini kwamba mengine atajifunza.

Kwa Watanzania siku ile ilikuwa ya furaha kubwa. Wazee waliikumbuka siku ya Filbert Bayi. Tarehe 2 Februari 1974, katika mji wa Christchurch, New Zealand, Bayi alikimbia mita 1500 kwa kasi kuliko mtu mwingine yeyote aliyewahi kupimwa duniani. Baada ya miaka 35 jina la Tanzania lilitajwa tena katika mchezo mkubwa, na safari hii ulikuwa mchezo ambao wananchi wengi hawakuwa wakiufuata.

MAMBO YANAKUWA MAGUMU

Katika NBA mchezo mmoja huchukua dakika 48. Kila timu hucheza michezo 82 katika msimu wa kawaida. Wachezaji ni wakubwa, wana nguvu na wana uzoefu. Urefu wa Thabeet haukuwa tena jambo la ajabu kama ulivyokuwa chuoni. Wapo wengine waliomkaribia kwa urefu, na walikuwa wazito na wepesi wa miguu. Walimsukuma. Walimzunguka. Walimvuta mbali na pete, mahali ambapo mikono yake mirefu haikumsaidia sana.

Katika msimu wake wa kwanza alifunga pointi 3 hivi tu kwa mchezo. Mara nyingi alikaa kwenye benchi. Mwezi wa Februari 2010 timu yake ilimpeleka Dakota Wizards. Hiyo ni timu ya ligi ndogo ambako wachezaji hupelekwa kupata mazoezi zaidi. Mpaka siku hiyo, hakuna mchezaji aliyekuwa amechaguliwa juu kiasi kile aliyewahi kupelekwa huko.

Mwaka 2011 Memphis walimhamishia Houston Rockets. Mwaka 2012 Houston walimhamishia Portland Trail Blazers. Mwaka huo huo akaingia Oklahoma City Thunder. Huko alikaa misimu miwili. Mwaka 2014 safari yake katika NBA ilikwisha.

Kwa jumla alicheza katika ligi hiyo misimu mitano, katika timu nne. Alicheza michezo zaidi ya 200. Magazeti mengi ya Marekani yalimtaja kuwa mfano wa kijana aliyechaguliwa vibaya. Mpaka leo wapo wanaosema hivyo.

KWA NINI ILIKUWA HIVYO?

Wapo wanaosema hakuwa na bidii. Wapo wanaosema hakupewa nafasi ya kutosha. Sisi tutazame mambo yanayoweza kupimwa.

Jambo la kwanza ni muda. Stephen Curry alilelewa na baba aliyekuwa mchezaji wa NBA. Alishika mpira akiwa mtoto mdogo. Alipofika katika ligi kubwa akiwa na miaka 21, alikuwa na maelfu ya saa za mazoezi nyuma yake. Thabeet alifika na miaka 22. Lakini katika mchezo alikuwa na miaka saba tu.

Mikono na miguu hujifunza polepole. Jinsi ya kugeuka na mpira, jinsi ya kusimama usisukumwe, jinsi ya kujua mwenzako atapita wapi kabla hajapita: mambo haya hayafundishwi kwa mwaka mmoja. Mtoto wa miaka minane huyapata kwa kucheza tu. Mtu mzima huyapata kwa jasho, na mengine hayapati kabisa. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.

Jambo la pili ni haraka. Kijana anapochaguliwa wa pili kati ya 60, watu hawamsubiri. Wanataka kuona matunda msimu huo huo. Mkulima anajua kwamba muhogo hauvunwi mwezi mmoja baada ya kupandwa. Lakini katika mchezo wa fedha nyingi, subira ni chache.

Jambo la tatu ni mategemeo ya watu. Watu walitazama urefu wakaona kila kitu. Mhindi wenye bua refu hupendeza machoni. Lakini bua si kipimo cha mavuno. Mavuno hutokana na mbegu, wakati wa kupanda, palizi na mbolea. Thabeet alikuwa na mbegu nzuri. Ilipandwa mvua zikiwa zimekwenda.

Hata hivyo, kuchelewa si mwisho wa kila kitu. Dikembe Mutombo alizaliwa Kinshasa, Kongo. Naye aliuanza mchezo huu akiwa kijana mkubwa, na alikwenda Marekani kwa ajili ya masomo. Aliingia NBA mwaka 1991 akiwa na miaka 25. Mwili wake ulikuwa umekomaa, na timu yake ya kwanza, Denver Nuggets, ilimpa nafasi ya kucheza tangu mwanzo. Alichaguliwa mara nne kuwa mlinzi bora wa NBA. Baadaye alijenga hospitali Kinshasa, iliyofunguliwa mwaka 2007 na kupewa jina la mama yake. Mutombo alifariki mwaka 2024. Mfano wake unatuonyesha kwamba aliyechelewa anaweza kufika, lakini anahitaji muda na watu wa kumvumilia.

ALIENDELEA NA KAZI

Watu wengi wakitoka mahali pa juu huona haya kufanya kazi mahali pa chini. Thabeet aliendelea kucheza. Baada ya NBA alicheza katika ligi ndogo ya Marekani. Alikwenda Japani akachezea timu ya mji wa Yokohama. Alirudi tena katika ligi ndogo ya Marekani. Kuanzia mwaka 2020 alicheza Taiwan, katika timu zaidi ya moja. Huko alipata dakika nyingi uwanjani, akafunga na kuzuia kama alivyofanya chuoni.

Mwaka 2025 alionekana tena uwanjani nyumbani, akiwa na umri wa miaka 38. Alivaa jezi ya timu ya Dar City ya Dar es Salaam. Mwishoni mwa mwaka huo timu hiyo ilifuzu kuingia katika Ligi ya Mpira wa Kikapu ya Afrika. Ligi hiyo ilianza kuchezwa mwaka 2021. Dar City ilikuwa timu ya kwanza ya Tanzania kufika huko.

Tukihesabu tangu siku ya kuchaguliwa mwaka 2009 mpaka 2025, ni miaka 16. Je, huyu ni mtu aliyeshindwa? Kama tunampima na Curry, tutasema ndiyo. Kama tunampima na kijana wa Makongo aliyegusa mpira mara ya kwanza akiwa na miaka 15, jibu ni lingine. Alipata kazi kwa mchezo, aliona nchi nyingi, na akarudi kucheza na vijana wa nyumbani.

NA WASICHANA JE?

Mzazi mwenye binti mrefu anaweza kuuliza: mambo haya ni ya wavulana tu? Hapana.

Mwadi Mabika ni mwanamke kutoka Kinshasa, Kongo. Alizaliwa mwaka 1976. Wakati huo nchi yake iliitwa Zaire. Wanawake wa Zaire walikuwa mabingwa wa Afrika wa mpira wa kikapu mwaka 1981, 1983 na 1994. Mwaka 1996 timu yao ilikwenda katika michezo ya Olimpiki mjini Atlanta, Marekani. Mabika alikuwa mmoja wao. Alikuwa na miaka 20.

Mwaka uliofuata, 1997, ligi ya wanawake ya Marekani inayoitwa WNBA ilianza kuchezwa. Mabika alichukuliwa na timu ya Los Angeles Sparks mwaka huo huo wa kwanza. Aliichezea timu hiyo kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka 2001 na mwaka 2002 timu yake ilichukua ubingwa. Mwaka 2000 na mwaka 2002 alichaguliwa katika kundi la nyota wa ligi nzima.

Mabika hakuwa na urefu wa kushangaza. Alijua kutupa kutoka mbali, kukimbia na kulinda. Kabla ya kuvuka bahari alikuwa tayari amecheza katika timu ya taifa lake. Alikwenda akiwa na ujuzi mkononi.

Binti zetu wanaocheza netiboli wana sehemu ya ujuzi huo tayari. Wanajua kudaka, kupasiana haraka, kuruka, na kutupa katika pete ya urefu ule ule. Kinachobaki ni kujifunza kuudundisha mpira na kukimbia nao. Msichana wa miaka 10 anaweza kuyajifunza mambo hayo katika likizo moja, kama pete ipo na mwalimu yupo.

KIJIJI KINAWEZA KUFANYA NINI?

Tatizo la kwanza katika habari hizi ni kwamba mtoto hakukutana na mpira mapema. Tatizo hilo linaweza kupunguzwa na wananchi wenyewe. Gharama yake si kubwa kama watu wanavyofikiri. Hivi ndivyo vipimo:

1. Pete. Fundi wa kuchomea vyuma anaweza kukunja nondo kuwa duara. Upana wake kwa ndani uwe sentimita 45.

2. Ubao. Unaweza kutengenezwa kwa mbao zilizounganishwa vizuri. Kipimo cha kawaida ni upana wa mita 1 na sentimita 80, na kimo cha mita 1 na sentimita 5. Kwa watoto hata mdogo zaidi unafaa.

3. Nguzo. Itafutwe nguzo imara, ichimbiwe chini sana isitikisike. Pete iwe mita 3 na sentimita 5 kutoka ardhini. Kwa watoto wadogo iwe mita 2 na sentimita 60. Mtoto akifunga mara nyingi hupenda mchezo. Akikosa kila siku huuacha.

4. Uwanja. Udongo wa kichuguu ukipondwa, ukimwagiwa maji kidogo na kushindiliwa, huwa mgumu na mpira hudunda. Uwanja uwe na mteremko mdogo ili maji ya mvua yasisimame.

5. Mpira. Hiki ndicho kitu kinachopasa kununuliwa. Mpira wa ngozi ni ghali na huharibika kwenye udongo. Mpira wa raba hudumu zaidi.

Kazi kama hii inaweza kufanywa na kamati ya shule pamoja na wazazi. Wapangwe wavulana na wasichana kwa zamu, ili wakubwa wasiwanyang'anye wadogo uwanja.

Tahadhari moja ni muhimu. Kila penye mtoto mwenye kipaji hutokea watu wanaoahidi kumpeleka mbali. Wengine ni wa kweli. Wengine ni waongo. Mzazi asitoe mtoto wala fedha kwa ahadi ya mdomo. Aulize jina la shule anakokwenda mtoto, nani atalipa, na nani atamlea. Aombe karatasi, azisome mwenyewe, kisha aende nazo kwa mwalimu mkuu na kwa ofisi ya elimu ya wilaya. Anayejua kusoma hadanganywi kirahisi.

Tena tukumbuke hesabu hii. Ligi ya NBA ina timu 30. Thabeet alipoingia, nafasi za wachezaji zilikuwa 450 hivi kwa dunia nzima. Kwa hiyo watoto wengi watakaocheza kikapu hawatafika huko. Watapata afya, marafiki na nidhamu, na baadhi yao watapata nafasi ya shule. Hayo nayo ni mavuno.

Huenda sasa hivi, katika darasa la tatu la shule fulani ya Mbagala au ya kijiji cha mbali, amekaa mtoto ambaye miguu yake haienei chini ya dawati. Wenzake wanamcheka kwa urefu wake. Akipewa mpira leo, atakapofika miaka 15 atakuwa na miaka sita ya mazoezi. Thabeet katika umri huo ndiyo kwanza alikuwa anaanza.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Hasheem Thabeet alianza kucheza mpira wa kikapu akiwa na umri gani? Kwa nini umri huo ulikuwa mkubwa kwa kuanza?

2. Taja tofauti tatu kati ya netiboli na mpira wa kikapu.

3. Makala inasema bua refu si kipimo cha mavuno. Maana yake nini?

4. Thabeet alipotoka NBA aliendelea kucheza mahali padogo. Je, wewe ungefanya hivyo? Eleza sababu.

5. Katika kijiji chenu kuna nafasi ya kuweka pete moja? Nani anaweza kutoa nguzo, nani mbao, na nani kazi ya mikono?